Kuhesabu Tangu Amina

Huko kijijini Gervėkalnis, mtu akitaka kujua hali ya jirani yake humwuliza Teklė, kwa kuwa Teklė ndiye mpeleka barua. Anajua nani anangoja picha za mjukuu kutoka Norwei, nani ameacha kuandikiana na dada yake, mbwa yupi huuma kweli na yupi hubweka kujitafutia jina tu. Ana miaka arobaini na saba, miguu mirefu ya mtu wa baiskeli, na sauti ambayo haijapata kuhitaji kupandishwa. Tangu kiangazi kilichopita ana kitu kingine tena: kipenga cheusi, kinachoning'inia shingoni chini ya skafu hata siku za kugawa barua.

Kipenga kilikuwa cha mumewe. Eimutis alichezesha ligi ya vijiji ya mpira wa kikapu kwa miaka kumi na tisa, mpaka goti la kulia likagoma. Miaka hiyo yote Teklė alikaa mezani pembeni mwa uwanja akiandika pointi, na kila Eimutis alipopuliza, yeye moyoni alikuwa ameshapuliza kabla yake. Hakumwambia mtu. Eimutis alipokaa chini na goti lake, Teklė alipanda basi la alfajiri kwenda mjini Panevėžys, akaketi darasani na vijana wenye umri wa mwanawe, akafanya mtihani wa waamuzi. Alirudi na cheti. Eimutis alikishika kwenye mwanga kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Makosa mawili," alisema. "Yapi?"

"Sikwambii."

"Basi ni kwenye mpira wa kurusha kutoka nje. Wote huanguka hapo."

"Mpira wa kurusha nilipata yote, mume wangu. Kula supu yako."

Kamati ya ligi haikuwa na uhakika. Mwenyekiti, mfuga nyuki mpole aliyependa mambo yasiyo na kelele, alimwambia waziwazi: atachezesha msimu mmoja wa majaribio. Ikifika fainali, na dakika kumi na tano baada ya fainali zikapita bila kapteni yeyote kutia sahihi ya malalamiko kwenye karatasi ya mchezo, kipenga ni chake. Sahihi moja tu ikiwekwa, mwakani wataagiza mwamuzi kutoka mjini.

"Moja tu?" aliuliza Teklė.

"Moja tu. Unawajua watu wetu, mama. Wakishaanza kuandika hawaachi."

Akakubali. Na alipoingia uwanjani mara ya kwanza, mistari myeupe ikimzunguka, alihisi kama asubuhi ile theluji ya kwanza inapoanguka: kila kitu kina mpaka wake, na kila mpaka unaonekana.

Shida ilikuwa Padri.

Padri Vygintas, paroko wao, alikuwa na urefu wa karibu mita mbili na ndiye kapteni wa timu ya Parokia. Hapo Gervėkalnis hakuna aliyeona ajabu. Misa ikigongana na mchezo wa timu ya taifa, mahubiri hufupishwa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Padri alicheza vizuri, alicheka sana, na mechi ilipobana yeye ndiye aliyesimama nje ya mstari kurusha mpira kuuingiza uwanjani, maana aliona juu ya vichwa vya wote. Ila kabla ya kurusha, alifumba macho. Akapiga ishara ya msalaba, pana na ya taratibu, mpira ukiwa umebanwa kwapani. Akawaombea wachezaji wote kumi wasivunjike mguu. Akasema Amina. Ndipo akafumbua macho na kurusha.

Kanuni humpa mrushaji sekunde tano. Sala ya Padri ilichukua nane, na siku ya baridi tisa. Kwa hiyo Eimutis, tangu Padri alipofika kijijini miaka kumi na miwili nyuma, alikuwa akianza kuhesabu baada ya Amina.

Katika mechi ya kwanza ya Teklė, Padri alipofumba macho, kikohozi kilisikika mezani. Alikuwa Eimutis, ambaye sasa aliendesha saa ya mchezo. Teklė akaelewa. Akasubiri Amina. Alipoanza kupunga mkono kuhesabu, aliona aibu ndogo ikimpanda shingoni, kama mtu aliyesoma kadi ya posta isiyo yake.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya Žydrūnas, kapteni wa timu ya kiwanda cha jibini, ambayo watu waliiita Maziwa, mtu mwenye kiatu namba arobaini na nane na mdomo wa namba hiyohiyo. Yeye kabla ya kurusha alikuwa na desturi ya kufuta nyayo za viatu vyake kwa kiganja, kwanza kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena kwa bahati. Teklė alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akapuliza.

"Nini tena, Mama Barua?"

"Sekunde tano zimekwisha. Mpira wa wenzako."

Žydrūnas aliutazama mpira ukichukuliwa, kisha akainama, kwa sauti ya upole kuliko kawaida yake. "Sawa. Ila niambie ni kofia gani nivae ili nami nihesabiwe kwa saa ya mbinguni. Mimi yangu ni ya ukutani."

Watu walicheka. Teklė hakucheka. Maneno yale alirudi nayo nyumbani.

"Ana haki," alisema jioni, akigeuza chapati za viazi kikaangoni.

"Žydrūnas? Tangu lini?" Eimutis alijichotea maziwa mazito ya chachu. "Sikiliza. Kanuni inasema sekunde zinaanza mpira ukiwa tayari kutumiwa na mrushaji. Mtu anayesali hayuko tayari. Yuko kwingine kabisa."

"Kanuni inasema mpira uwe tayari. Haisemi mrushaji awe tayari."

Eimutis alitafuna polepole.

"Soma mwenyewe," Teklė alisema. "Ukiuweka mpira mkononi mwake, saa yake imeanza. Alale, asali, afute viatu, hiyo ni shauri yake."

"Miaka kumi na miwili hakuna aliyelalamika."

"Kwa sababu hakuna aliyetaka kulalamika dhidi ya Amina."

"Basi, mke wangu, na wewe usiwe wa kwanza. Una fainali moja tu. Parokia wakitia sahihi, umekwisha. Maziwa wakitia sahihi, umekwisha. Mie ningekohoa na kungoja."

Teklė alikula chapati tatu.

Fainali ilipangwa Jumamosi alasiri, Parokia dhidi ya Maziwa. Kwa siku tano Teklė alipita mlangoni kwa Padri na barua, akitaka kumwambia. Jumatatu Padri alimpa chai ya asali. Jumanne alimwonyesha mabuti yake mapya. Jumatano kulikuwa na msiba. Kila siku neno lilifika kwenye meno likarudi. Ilipofika Ijumaa, Teklė alifanya alichofanya kila mwezi: aliingia kanisani, akapiga magoti kwenye kitubio, upande wa pili wa kimia chenye vitundu, akaungama. Alimkasirikia shemeji yake. Alimpiga teke mbwa wa kwa fundi seremala, ingawa mbwa ndiye aliyeanza. Kisha akavuta pumzi.

"Na nimehesabu kwa upendeleo, Baba. Mtu mmoja nimempa sekunde kumi na nne nikaziita tano. Wengine nawapa tano tupu."

Ng'ambo ya kimia buti jipya lilisugua sakafu.

"Mtu huyo," sauti iliuliza, "amekuomba?"

"Hapana, Baba. Nadhani hata hajui."

Kikafuata kimya kirefu kuliko sala yoyote ya kurushia mpira.

"Malipizi yako ni haya," sauti ilisema hatimaye. "Kuanzia sasa hesabu sawa kwa kila mtu. Hata kama ni askofu. Na mbwa umwombe radhi kwa mfupa."

Teklė alitoka akiwa mwepesi kama begi la barua saa nane mchana. Amejua, aliwaza. Kesho atasali upesi, au atasali kabla. Yamekwisha bila ugomvi.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Waliokosa viti walikaa juu ya vyuma vya kupashia joto, na mvuke wa makoti yenye theluji ulipanda darini. Kina mama wa Parokia walileta keki ndefu ya matawi, imesimama kama mti mdogo, zawadi ya mshindi. Wa kiwandani walileta jibini lenye ukubwa wa gurudumu la baiskeli, nalo la mshindi. Kila upande uliamini utarudi nyumbani na vyote viwili.

"Refa!" mtu alipiga kelele kabla hata mpira haujarushwa juu. "Macho umekuja nayo au umeyaacha posta?"

"Nimekuja nayo," Teklė alijibu. "Yako yamefika jana kwa rejista, hukuja kuyachukua."

Ukumbi ukamcheka mwuliza swali, na mchezo ukaanza.

Ulikuwa mchezo mzuri. Padri aliruka kama mtu aliyesahau umri wake, Žydrūnas alifunga kwa mkono wa kushoto, na Teklė alikimbia kati yao akiona kila kitu. Wakati wa mapumziko, Eimutis alitembea akichechemea hadi kona ya mbali, chini ya kikapu, ambako maji ya dari yalikuwa yamebandua rangi ya mstari, akaupaka kwa chaki ya shule. Alipaka kama anavyopaka siagi, hakuacha pengo.

"Sasa hata kipofu atauona," alisema, akijifuta mikono kwenye suruali.

Sekunde sita kabla ya mwisho, Parokia walikuwa mbele sitini na moja kwa sitini. Mpira ulitoka nje kwenye kona ileile ya chaki, ukiwa umeguswa mwisho na mchezaji wa Maziwa. Parokia warushe, chini kabisa ya kikapu ambacho Maziwa walikuwa wakikishambulia. Makocha wakaomba mapumziko. Teklė akaja mezani.

Eimutis hakuinua kichwa kutoka kwenye saa. "Atarusha Padri," alinong'ona. "Tangu Amina?"

"Tangu mkononi. Usiwe na wasiwasi, anajua. Nilimwambia."

"Lini?"

"Jana. Kitubioni."

Eimutis aliinua kichwa taratibu sana. "Kitubioni."

"Ndiyo."

"Teklė. Yaliyosemwa kitubioni padri haruhusiwi kuyatumia. Hata kwa kukonyeza. Akiharakisha sala yake leo, atakuwa ameitumia siri ya maungamo. Umemfunga mikono! Anajua, lakini ni kama hajui. Itambidi asali vilevile!"

Teklė alitazama uwanjani. Padri alikuwa akija kona ya chaki, uso mwekundu, akitazama kila mahali isipokuwa kwake. King'ora cha mwisho wa mapumziko kikalia.

Hatua ishirini kutoka mezani hadi kona. Teklė alizitembea zote akiwa na neno mdomoni: tano, Baba, harakisha. Lakini kumkumbusha yeye peke yake ni kumsaidia yeye peke yake, na mbele yake Žydrūnas alikuwa ameshasimama ameinua mikono. Teklė akamwonyesha mstari kwa kidole, kwamba mikono isivuke, kama kanuni inavyotaka katika dakika za mwisho. Kisha akauweka mpira mkononi mwa Padri.

Padri alifumba macho.

Moja. Mkono wa Teklė ulikata hewa, na ukumbi ukaona kwamba unakata. Mbili. Kikohozi mezani, safari hii cha mtu aliyepaliwa kweli. Kidole cha Padri kilikuwa bado kwenye paji la uso. Tatu. "Padri, rusha!" mwanamke wa kwaya alilia. Nne. Kidole kilifika bega la kushoto, taratibu, bila haraka yoyote ya dunia hii. Tano.

Teklė akapuliza.

Ukumbi ulinyamaza hivi kwamba keki ilisikika ikidondosha chembe. Padri akafumbua macho. Alimtazama Teklė, na kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakikuwa hasira.

"Mpira wa Maziwa," Teklė alisema. "Mahali palepale."

Hapo ukumbi ulipasuka. Upande mmoja ulipanda juu ya viti, upande mwingine ulijishika vichwa. "Amempulizia Padri!" "Katikati ya ishara ya msalaba!" Bibi mmoja alisema kwamba sasa mvua ya mawe ni lazima, na jirani yake akamwambia ni Februari. Žydrūnas aliupokea mpira kwa mikono miwili, macho yakimng'aa kama mtoto aliyeona mlango wa ghala la peremende umeachwa wazi. Hakufuta viatu. Alimwona mwenzake akiwa wazi chini ya kikapu, akajinyoosha, akapiga hatua, akarusha. Mwenzake akauweka mpira ndani ya wavu.

Lakini kipenga kilikuwa kimeshalia.

"Kikapu hakihesabiwi," Teklė alisema. "Umeingia uwanjani kabla mpira haujatoka mkononi. Mpira wa Parokia."

"Nimekanyaga mstari!" Žydrūnas alinguruma. "Mstari tu! Na mstari ni wa nje, kanuni yenyewe inasema hivyo, naijua!"

"Mstari ni wa nje, kweli kabisa. Ungekanyaga mstari nisingepuliza."

"Basi?"

"Basi sogea, tumalize mchezo. Sekunde ni zilezile sita."

Akauchukua mpira, akampa Padri tena, palepale. Sasa lakini dunia yote ilikuwa imeona na kusikia. Hapakuwa na siri ya kulinda. Padri aliukamata, na kabla ya "mbili" ukawa umesharuka juu ya mikono yote hadi kwa mchezaji wa Parokia katikati ya uwanja, aliyekimbia nao huku na huku mpaka king'ora kikalia. Ndipo Padri, mikono mitupu, akapiga ishara ya msalaba upesi kama anayefukuza nzi.

Watu wakamiminika uwanjani. Žydrūnas hakumiminika. Alitembea moja kwa moja hadi mezani, akachukua kalamu.

Eimutis akaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano zilikuwa zimeanza. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa ameanza kutafuna kipande cha jibini, akaacha kutafuna.

"Alimpora Padri akanipa mimi, akanipora mimi akampa Padri," Žydrūnas alisema. "Huo ni uamuzi au ni mchezo wa kupitishiana kofia? Unyayo wangu ulikuwa juu ya mstari. Naandika."

"Andika," Teklė alisema. Sauti yake haikupanda, ila mkono ulikuwa umeshika kipenga kwa nguvu. "Ila kabla hujaandika, twende kona."

Wakaenda, na nusu ya ukumbi nyuma yao. Kwenye mstari wa chaki, pale Eimutis alipoupaka kama siagi, chaki ilikuwa imefutika umbo la kisigino. Na mbele yake, ndani kabisa ya uwanja, kwenye mbao za kahawia, kulikuwa na alama nyeupe ya unyayo, nzima, tangu kisigino hadi kidole, kubwa kama sahani ya samaki. Ilielekea kikapuni.

Kisha Padri, mrefu kuliko wote, akasema kutoka nyuma: "Huenda si yake. Tuulize nani mwingine hapa anavaa arobaini na nane."

Vicheko vilianzia nyuma vikaja mbele. Žydrūnas aliweka kiatu chake juu ya alama ile. Kilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Akakiinua, akautazama weupe chini yake, akautazama mstari, akamtazama Eimutis na suruali yake yenye chaki.

"Wewe na chaki yako," alisema.

"Ningepaka kidogo, ungelalamika hauonekani," Eimutis alijibu.

Žydrūnas alisimama pale akizungusha kalamu kwenye vidole vyake. "Swali moja, Mama Barua. Ungempulizia Padri hata mechi isingekuwa yangu?"

"Kuanzia jana, ndiyo. Kabla ya jana, hapana, na kwa hilo ulikuwa na haki kunisema. Nisamehe."

Hakuna aliyewahi kumwomba Žydrūnas msamaha hadharani. Alionekana kama amepewa kitu kizito asichojua aweke wapi. Akafunika kalamu, akamrudishia Eimutis. "Mwakani uhesabu hivyohivyo," alisema. "Mimi nitatafuta viatu vidogo."

Teklė akamgeukia kapteni mwingine. Zilibaki dakika nne. "Na wewe, Baba? Mlishinda, lakini nilikupulizia. Una haki ya kuandika."

"Niandike nini? Nilichelewa." Padri aliinua mabega. "Ni ajabu, miaka yote hii sikujua kwamba nachelewa."

"Hukujua, Baba?"

"Nitajuaje? Hakuna aliyeniambia," alisema, na masikio yake yakawa mekundu. "Hata angeniambia mtu, ni kama hajaniambia. Unaelewa? Basi njoo ule keki."

Dakika ya kumi na tano ilipita wakiwa na midomo mitamu. Mwenyekiti alikunja karatasi ya mchezo, upande wa malalamiko ukiwa mtupu kama shamba la theluji, akaitia mfukoni. "Kipenga chako, mama," alisema, na akaomba jibini zaidi. Eimutis aliufuta mdomo wa mkewe unga wa keki kwa kidole chenye chaki, akamwachia alama mpya nyeupe shavuni, na hakumwambia. Teklė akaitembeza hivyo kijiji kizima.

Jumapili kanisani, benchi la tatu, Teklė na Eimutis walisimama kama kawaida. Padri alitoka na kanzu yake, akageukia watu, akainua mkono hadi kwenye paji la uso, taratibu, pana, bila haraka yoyote. Eimutis alihisi kitu kikigusa nyonga yake. Alitazama chini. Mkono wa Teklė ulikuwa ukipunga kidogo kidogo pembeni mwa koti, peke yake.

"Ngapi?" alinong'ona.

"Nane," Teklė alinong'ona. "Mwache. Hapa ni kwake."